Msako wa polisi unavyokatiza matibabu ya methadoni

Polisi wakifanya msako kwenye maskani hapa Pwani, sisi wauguzi wa jamii tunaujua kesho yake: foleni ya methadoni huwa fupi. Wengine wako seli. Wengine wako huru, lakini wanaogopa kupita njia ya kituoni.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 kuhusu dawa za kulevya haiishii kwenye unga. Kifungu cha 5 kinafanya kuwa kosa pia kumiliki vifaa vya kuutumia. Serikali hiyo hiyo imeruhusu ugawaji wa sindano safi, na tangu Desemba 2014 inatoa methadoni. Kwa hiyo sindano anayopewa mtu asubuhi ili asiambukizwe VVU au homa ya ini aina ya C inaweza kuwa ushahidi dhidi yake jioni. Akiogopa kupekuliwa, haibebi. Arosto ikimshika, anaazima ya mwenzake.

Kwa nini siku chache zina madhara?

Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na nguvu yake hudumu takriban saa 24 hadi 36. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini muda huo ukiishia wikendi, husubiriwa siku ya mahakama inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukosa dozi ya Jumamosi, Jumapili na hata Jumatatu. Kufikia hapo mwili umeanza kupoteza mazoea, nasi hatuwezi kumrudishia dozi ile ile kabla ya kumpima upya. Akitoka na kurudia unga kwa kiasi alichozoea zamani, anaweza kuacha kupumua.

Nini kifanyike?

Wauzaji waendelee kusakwa. Tunachoomba ni njia ya kituo cha afya iachwe wazi, sindano zetu zisihesabiwe kosa, na OCS akubaliane na kituo namna ya kumfikishia dozi mteja aliye seli.

Ukikamatwa ukiwa kwenye methadoni

- Mwambie afisa mapema, na umtajie kituo chako.
- Familia, tuarifuni siku hiyo hiyo, msingoje kesi itajwe.
- Ukiachiliwa, njoo kwetu kwanza, hata kama umekosa dozi kadhaa. Hatumfukuzi mtu.