Maji machafu hayaulizi nani mkaaji, nani mkimbizi

Minova, teritware ya Kalehe. Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu mliokimbia vita, leo sina habari ya siasa. Nataka tuongee juu ya maji tunayomwaga.

Asubuhi nilipita kwenye kambi moja kandokando ya ziwa Kivu. Mama mmoja alikuwa anafua nguo za watoto. Maji ya sabuni yalishuka polepole, yakapita nyuma ya vyoo vilivyojaa, yakabeba uchafu wake, yakaingia katika shamba la mihogo, kisha ziwani. Hatua chache kutoka hapo, mtoto alikuwa anajaza bidoni ya lita 20. Yalikuwa maji ya kunywa.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hawajachimba shimo la maji machafu. Akanijibu: «Mwanangu, udongo si wetu. Tukichimba, mwenye shamba atatufukuza.» Nikaenda kwa mwenye shamba. Naye akasema: «Mwaka jana shirika moja lilichimba vyoo hapa, likaahidi kurudi kuondoa uchafu. Mpaka leo sijaona mtu.» Wote wawili wana haki. Lakini kolera haitangoja wamalize ubishi.

Kolera tunaijua. Mwaka 1994 iliingia katika kambi za wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma, ikaua makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache. Kule, mawe ya volkano yalifanya kazi ya kuchimba vyoo kuwa ngumu sana. Hapa kwetu udongo unakubali jembe. Kinachokosekana ni mapatano.

Shimo lenyewe halidai mhandisi. Lichimbwe upande wa chini wa mahali pa kufulia, na liwe mbali na maji ya kunywa angalau mita 30. Ndani weka mawe makubwa, juu yake kokoto. Mdomoni weka ndoo ya zamani iliyotobolewa, yenye majani makavu ya kunasa mafuta na takataka. Majani hayo yabadilishwe mara kwa mara. Maji yatanyweka udongoni taratibu. Ila shimo hili ni la maji ya kufua na kuoga tu, uchafu wa choo usiingie humo.

Kuhusu vyoo, kipimo ambacho mashirika yenyewe yanafuata ni choo kimoja kwa watu 20. Basi kabla hawajaanza kujenga, tuwaulize: kikijaa, nani atakitoa uchafu, na kwa pesa gani? Jibu liandikwe.

Maoni yangu ni haya: chefu wa kijiji aketi na mwenye shamba, wakaaji na wajumbe wa wakimbizi. Waandike karatasi inayosema shimo litakaa wapi, nani atalisafisha, na kwamba siku kambi itakapofungwa litafukiwa na udongo utabaki kwa mwenyewe. Kisha tufanye salongo, wakaaji na wakimbizi pamoja.

Anayesema hiyo ni kazi ya serikali hakosei. Tuendelee kuidai. Lakini wakati tunadai, watoto wanakunywa.

Kwa leo, chemsheni maji au tieni dawa ya klori. Mtu akihara maji kama yale ya kuoshea mchele, mkimbizeni kituo cha afya palepale, mkimnywesha maji ya chumvi na sukari njiani.