Kongosho, karuho na ulimi wetu

Katika makanisa yetu ya Kivu, mtu akikonda upesi, macho yake yakigeuka manjano na tumbo likamuuma hadi mgongoni, neno la kwanza linalosikika ni karuho: amelishwa sumu. Tangu M23 iliposhika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, mambo yamekuwa mazito zaidi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki yakasimama, safari ya hospitali ikawa ghali. Vipimo vinapokosekana, uvumi unakaa mahali pake.

Lakini dalili hizo zinaweza kuwa za uvimbe wa kongosho. Kongosho iko nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Inatoa maji ya kusaga chakula na insulini inayotawala sukari mwilini. Uvimbe ukiota kwenye kichwa chake unabana mrija wa nyongo: macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi, choo kinapauka, ngozi inawasha. Kisukari kinachozuka ghafla kwa mzee anayekonda ni dalili nyingine.

Sehemu kubwa ya saratani hizi zinaanzia ndani ya mirija ya kongosho na zinasambaa haraka. Mwaka 2022 duniani waligunduliwa wagonjwa kama 510,000, na waliokufa walikuwa karibu 467,000. Uvimbe mwingine, unaotoka katika chembe za homoni, hukua polepole na mara nyingi hutibika vizuri zaidi. Tumbaku, unene uliopita kiasi, kisukari cha muda mrefu na uvimbe sugu wa kongosho, ambao mara nyingi huletwa na pombe, huongeza hatari. Jirani hauambukizi, wala hautumi.

Tena si kila manjano ni saratani. Homa ya ini, malaria na mawe ya nyongo huleta manjano pia, na mengi ya hayo yanatibika. Ndiyo maana majuma matatu ya dawa za kutapisha sumu ni hasara kubwa. Ekografi ya kwanza inaweza kuonyesha mrija uliobanwa; skana inaonyesha kama upasuaji unawezekana. Hata pasipo upasuaji wa kuponya, mrija unaweza kufunguliwa na maumivu kutulizwa kwa morfini.

Hasara nyingine inatupata sisi kama kanisa. Tumeona wajane wakinyoshewa kidole kwenye matanga, na familia zikiacha kushiriki meza ya Bwana pamoja. Amri ya tisa inakataza ushuhuda wa uongo, na haisemi kwamba msiba unaturuhusu.

Kwa hiyo wachungaji, mashemasi na mama wa kanisa, tukiitwa kumwombea mgonjwa wa manjano, tuombe, kisha tuulize: ameshapimwa? Kama hajapimwa, sadaka ya juma hilo imsaidie kufika. Paulo alisafiri na Luka, tabibu, wala hakuona kwamba imani yake imepungua.