Kabla hujamwambia mtoto "mama amesafiri", mwonyeshe filamu hii

Kama wiki hii una nafasi ya filamu moja tu na watoto, iwe My Neighbor Totoro. Ni katuni ya Kijapani ya mwaka 1988, mwongozaji wake ni Hayao Miyazaki, ina dakika 86, na ndani yake hakuna mtu mbaya hata mmoja. Hakuna jini wa kupigwa, hakuna mfalme katili, hakuna bunduki. Najua mzazi mwenye watoto wa kiume ataniuliza, sasa wataangalia nini? Wataangalia. Nimeona ikiwatuliza wapwa wangu watatu, ambao hata chakula kikiwa mdomoni hawanyamazi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Baba, mwalimu wa chuo kikuu, anahamia kijijini na binti zake wawili: Satsuki, anayesoma shule ya msingi, na Mei wa miaka minne. Nyumba ni kuukuu kiasi kwamba ukitikisa nguzo ya barazani unaogopa paa lisije likashuka. Wamehamia huko ili wawe karibu na hospitali aliyolazwa mama yao. Kando ya nyumba kuna mti mkubwa sana, na kwenye mti huo anaishi Totoro, dubwana lenye manyoya, tumbo kubwa na usingizi mwingi, ambalo watoto tu ndio wanaoliona. Kuna na basi ambalo ni paka. Sitaeleza zaidi, basi-paka ni la kuonwa.

Dunia nzima inampenda Totoro, wanasesere wake wanauzwa hadi leo. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki naipenda filamu hii kwa sababu ya telegramu.

Mama alikuwa aje kulala nyumbani mwishoni mwa wiki. Watoto wameshapanga nani atalala karibu naye. Halafu inafika telegramu kutoka hospitali. Baba anapiga simu, anarudi na jibu: mama hatakuja, amepata mafua kidogo, msiwe na wasiwasi. Satsuki, ambaye tangu mwanzo wa filamu anapika, anamfungia mdogo wake chakula cha mchana na kujifanya mkubwa, anaangua kilio mbele ya bibi jirani. Anasema hata mara ya kwanza waliambiwa ni kitu kidogo tu. Je, mama akifa? Mei yupo pembeni, anasikia yote. Anachukua hindi ambalo bibi alisema litampa mama afya, analikumbatia, anaanza safari ya kwenda hospitali peke yake kwa miguu. Anapotea, na kijiji kizima kinatoka kumtafuta.

Sijawahi kuona filamu ya hospitali, hata zile zenye madaktari wanaokimbizana na machela, iliyoonyesha vizuri hivi kinachoendelea kichwani mwa mtoto ambaye mzazi wake amelazwa. Mtoto anajua. Hajui jina la ugonjwa, lakini amesikia mnong'ono jikoni, ameona baba akitoka nje kupokea simu, amesikia shangazi akitaja mchango. Ukimwambia "mama amesafiri", anachojifunza ni kwamba hili jambo ni baya kiasi kwamba hata kulitaja haliruhusiwi. Wadogo zaidi, wa umri wa Mei, wana tabia nyingine inayoumiza: ni wepesi kudhani wao ndio chanzo. Nilimjibu mama vibaya, ndiyo maana ameumwa.

Ndani ya filamu ugonjwa wa mama hautajwi. Lakini Miyazaki mwenyewe alikulia katika nyumba ya namna hiyo: mama yake aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi, yeye akiwa mtoto. Ndiyo, TB hupiga hata mifupa, si mapafu peke yake. Siku hizi dawa zipo, kwetu hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na TB ya kawaida ya mapafu hutibiwa kwa takriban miezi sita. Miezi sita kwa mtu mzima ni kalenda. Kwa mtoto wa miaka minne ni maisha.

Jinsi ya kuitumia: msikae mkaisimamisha kila dakika tano kuuliza maswali kama mtihani wa taifa. Iacheni iende. Cheka naye kwenye kituo cha basi, pale Totoro anapopewa mwavuli na kugundua raha ya matone ya mvua yakidunda juu yake. Ikiisha, labda siku ya pili mkiwa mnaosha vyombo, uliza swali moja: "Unadhani Satsuki alikuwa anaogopa nini?" Kisha kaa kimya. Ni rahisi zaidi kwa mtoto kusema hofu ya Satsuki kuliko hofu yake, na mara nyingi hofu hiyo ni moja. Akikuuliza kuhusu bibi au baba yake aliyelazwa, mpe jina la ugonjwa, mwambie nani atampikia na nani atampeleka shule, na mwambie wazi kwamba si yeye aliyeusababisha.

Hapa niweke onyo, maana vijana wa kurusha muvi kwenye flashi hupenda kukuwekea na nyingine za kampuni hiyohiyo kama nyongeza. Totoro ilipotoka Japani ilionyeshwa pamoja na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, siku moja, tiketi moja. Michoro inafanana, watoto wazuri wenye macho makubwa. Lakini hiyo ya pili ni ya vita ya mwaka 1945, kaka na mdogo wake wa kike wakiishiwa chakula baada ya mabomu, na hawanusuriki. Ni filamu kubwa kabisa, nami nakushauri uitazame, wewe, watoto wakiwa wamelala. Hapa nyumbani tumezoea kwamba kitu kikiwa katuni basi ni cha watoto, na tunawaachia rimoti.

Sasa nirudi jirani. Supa Modo, Kenya, 2018, mwongozaji Likarion Wainaina. Kwa Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza, kwa hiyo hapa mnamsikia mtoto akiongea lugha ya nyumbani kwenu. Anaitwa Jo, ana miaka tisa, na ugonjwa wake hauponi. Mama anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili muda uliobaki awe nyumbani. Jo anapenda kitu kimoja duniani: muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama anataka apumzike kitandani. Dada yake mkubwa, Mwix, anataka aishi. Anamshawishi Jo kwamba ana nguvu hizo kweli, halafu anakiingiza kijiji kizima kwenye njama, akiwemo jamaa anayeendesha banda la muvi, aina ya kibanda umiza unachokijua. Watu wazima na heshima zao wanasimama kama sanamu barabarani ili mtoto aamini amesimamisha muda.

Nilicheka mpaka nikajikuta nalia, na nawajua wanaume wawili wa chumba chetu cha habari waliosingizia vumbi.

Kinachonifanya niisukume hii kwa wazazi ni ule ugomvi wa mama na Mwix. Hakuna mwenye kosa pale. Mama anamlinda mwanawe kwa njia pekee anayoijua, shuka na mlango uliofungwa. Dada anaona mlango huo unamwibia Jo siku chache alizobakiwa nazo. Wodini mabishano hayo yapo kila siku, na upande mmoja una jina la kitaalamu: tiba shufaa. Wengi wakisikia neno hilo wanadhani ni madaktari kukata tamaa. Ni kutuliza maumivu, kusaidia mgonjwa na familia yake, na kumuuliza mgonjwa, hata akiwa na miaka tisa, anataka siku yake iweje. Inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine. Supa Modo haitaji neno hilo popote ninapokumbuka, lakini ukiiona utalielewa kuliko kwa kusoma kipeperushi.

Ni ya watoto kuanzia miaka kumi hivi kwa maoni yangu, na mzazi awepo sebuleni. Kama nyumbani kuna mtoto mgonjwa sana, itazame kwanza wewe mwenyewe.

Mbili nyingine kwa haraka. Coco ya mwaka 2017, ya Pixar, iko Mexico, na wengi wanaijua kwa nyimbo na mifupa inayocheza (kama familia yako haipendi mambo ya mizimu, ujue mapema kwamba sehemu kubwa inapita kuzimu). Mimi naangalia kona ya chumba, alikokaa Mama Coco, bibi mzaa bibi, anayesahau hata jina la bintiye. Kitukuu wake Miguel anamwimbia, na uso unarudi. Si uchawi wa sinema tu: watu wengi waliopoteza kumbukumbu uzeeni hubaki na nyimbo za ujana wao hata majina ya watoto yakishaondoka. Katika jamii ambayo bibi akianza kuchanganya maneno majirani huanza kumtazama kwa jicho jingine, naona ni vizuri mtoto ajifunze mapema kwamba huo ni ugonjwa. Disney wameshatangaza sehemu ya pili, wanalenga mwaka 2029, kwa hiyo wajukuu wana muda wa kujifunza nyimbo.

Ya pili ni Children of Heaven ya Majid Majidi, Iran, 1997. Ali anapoteza viatu vya mdogo wake Zahra. Mama anaumwa, kodi ya nyumba inadaiwa, kwa hiyo hawathubutu kusema. Wanashirikiana jozi moja ya raba: Zahra asubuhi, Ali mchana, na kila siku wanakutana uchochoroni kubadilishana mbio. Basi. Ndiyo filamu yote, na mwisho wa yale mashindano ya mbio utakushika koo. Hakuna mtoto wa shule ya kata atakayehitaji kutafsiriwa.

Na kuhusu muda: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja ya skrini kwa siku, na walio chini ya miaka miwili wasiwekewe kabisa. Kwa mwenye umri wa Mei, basi, Totoro ikate vipande viwili. Usiikate kwenye telegramu, hatalala. Ikate kituoni, baada ya mvua.