Mwanga wa Ukutani Hautoshi Kumtunza Fundi

Ndugu msomaji, ukijaliwa siku moja kufika Tokyo, bila shaka utashauriwa kulizuru jumba la teamLab Borderless. Lilifunguliwa Odaiba mwaka 2018, likafungwa 2022, kisha likafunguliwa upya Azabudai Hills mwezi Februari 2024. Ndani yake hupewi ramani. Projekta na kompyuta hutandaza maua na vipepeo kutani na sakafuni, na picha hizo huhama chumba hadi chumba. Hata ukiagiza chai, ua la mwanga huchanua ndani ya bakuli lako. Ukiliinua, petali hutawanyika.

Sikukatazi kwenda. Nenda, ustaajabu. Ila ukimaliza kustaajabu, ujiulize swali la kiraia: bakuli, karatasi na hariri ambazo Wajapani wamezitengeneza kwa mikono karne nyingi, nani atazitengeneza kesho?

Wajapani hawakuiachia mitambo ijibu swali hilo. Sheria yao ya 1950 inalinda majengo na pia ujuzi wenyewe. Mabingwa wanaotambuliwa kuwa hazina hai za taifa hupewa yeni milioni 2 kila mwaka, ili waunoe ujuzi wao na kuwafunza warithi. Sheria ya 1974 ikaongeza sharti zito: kazi ya jadi haipewi hadhi rasmi isipokuwa inatumika hasa katika maisha ya kila siku. Zingatia neno hilo, kutumika. Kutazamwa pekee hakutoshi.

Wako wasemao kwamba maonyesho haya huwavuta vijana kwenye mila. Nakubali kwamba huwavuta hadi mlangoni. Lakini kijana aliyepiga picha mbele ya ua la mwanga bado hajajifunza kuchoma chungu, wala hajamnunulia fundi chochote. Maneno matupu hayavunji mfupa, na sifa tupu hazimlishi mfinyanzi.

Kwa hiyo, panda treni uende Ogawa, mkoani Saitama, si mbali na Tokyo. Huko karatasi ya Hosokawa, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, hutengenezwa kwa magome ya mti wa kozo. Sisi tulio Uganda tusiione kuwa ngeni. Lubugo la Baganda, lililo katika orodha hiyo tangu 2008, hupondwa kutoka magome ya mutuba, na miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja.

Basi, siku utakapoletewa hapa onyesho la mwanga lenye picha za lubugo, lipa kiingilio kwa furaha, kisha uwaulize waandaaji ni sehemu gani ya fedha hiyo inayomfikia fundi. Mwulize na diwani wako ni wanagenzi wangapi wametengewa fungu katika bajeti. Nawe nyumbani kwako, jiulize lini mara ya mwisho ulinunua kitu kutoka mkononi mwa aliyekitengeneza.