Turudini Kwenye Mikoko Tuliyoipanda

Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya iliwapa wananchi siku ya mapumziko ili kila mwenye nguvu ashike mche na kuupanda. Shabaha ya siku ile ilikuwa miche milioni 100, na shabaha kubwa iliyokwisha kutangazwa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Watu walitoka: wanafunzi, askari, akina mama wa vikundi, wazee wa mitaa. Nawapongeza wote waliotoka kwa moyo safi. Lakini neno nililo nalo kwa ndugu zangu wanaojitolea, hasa sisi wa mwambao tunaopanda mikoko, halihusu siku ile. Linahusu siku zilizofuata, ambazo hazikuwa na mgeni rasmi wala turubai la kivuli. Katika kazi hii anayestahili heshima ya kwanza ni yule anayerudi.

Hebu tuangalie yaliyowapata wenzetu wa Sri Lanka. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, misaada ilimiminika, na watu wengi wema wakaingia matopeni kupanda mikoko ili pwani yao ipate kinga. Miaka ilipopita, watafiti walikwenda kukagua maeneo 23 yaliyopandwa. Katika tisa kati yake hawakukuta hata mche mmoja uliosalia. Jumla ya hekta zilizopandwa zilizidi 1,000. Zilizosimama zilikuwa kama 200 na kitu. Hapakuwa na laana wala hila. Miche iliwekwa mahali ambapo maji hayaikubali, aina ileile ikapandwa kila pahali kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kushika, na mahali pengi baada ya kupanda hakuna aliyekwenda kutazama. Fikirini jasho lililomwagika pale, na nia njema iliyozama pamoja nalo.

Sisi tusijidhanie tumekingwa na jambo hilo. Mbegu ya mkoko ni ndefu, huota ikiwa bado juu mtini, na ikiiva hung'oka kwa kuguswa kidogo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuichomeka kwenye tope, na kwa asubuhi moja umati wa watu ukamaliza ufuo mzima. Urahisi huo ndio mtego wenyewe. Muulizeni mzee yeyote aliyekata boriti au kutega kaa, atawaambieni kwamba kila mti una makao yake: mlilana husimama mbele, bahari inapopiga, mkoko hufuata nyuma yake, tope lilipo laini, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana hadi kule juu ambako maji hufika kwa nadra. Ukimchomeka mkoko penye mawimbi ya mlilana, unampeleka kufa. Basi kabla ya kumwalika mwenye kamera, tumwalike mzee huyo. Atembee mbele, aonyeshe kwa fimbo, nasi tufuate nyuma na mbegu zetu.

Tena hata mche uliowekwa mahali pake haujasalimika. Kaa huutafuna ungali laini. Viumbe wa baharini wenye magamba magumu huganda kwenye shina mpaka likalemewa na kuinama. Mbuzi na ng'ombe hushuka wakati wa maji kupwa. Vipande vya nyavu na mifuko ya plastiki huletwa na maji yakijaa, vikauzonga mche na kuulaza chini. Mambo haya yote yanazuilika kwa mikono ya watu wawili watatu wanaopita mara kwa mara. Hayazuiliki kwa hotuba. Hakuna mkulima wa mpunga ahesabuye magunia siku ya kupandikiza, nasi tuliapishwa na nani kuhesabu msitu siku ya kuchomeka mbegu?

Sasa tutazame nyumbani, maana mfano mwema tunao. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, mikoko ilifyekwa katika miaka ya sabini kwa kuni za viwanda. Sehemu nyingine zilibaki tope tupu, na msitu haukurudi wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda huko kwa majaribio, wakisaidiana na wanakijiji. Wakapanda, mingine ikafa, wakapanda tena. Mwaka 2013 ndipo mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni ulipoanza rasmi kulinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Mapato yake yameleta maji kwa wanakijiji na vitabu kwa watoto wa shule. Mwaka 2017 mradi ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye ndugu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wao wa hekta 460.

Wageni wakifika Gazi huuliza habari za fedha na tuzo. Mimi nawaombeni mhesabu miaka: toka 1991 hadi 2013 ni miaka 22. Muda huo watu walikuwa wakirudi pale pale topeni bila kujua kwamba siku moja hewa ya msitu itauzika. Vijiji vingine vinataka leo mapato ya Gazi, na ni haki yao kuyataka, lakini wachache wameuliza namna ya kuipata ile miaka 22.

Nayo haipatikani kwa kuwakamua watu. Hapa nataka kusema na wale wanaoitisha kazi. Mvuvi akiacha kwenda baharini asubuhi moja, sufuria ya jioni inajua. Mama aliyejifunga leso akashinda kwenye tope mpaka magotini, ameacha maandazi hayakukaangwa na mteja akaenda kwa jirani. Kujitolea si kufanywa mtumwa. Tangu zamani, katika msaragambo na katika kualikana shambani, mwenye kazi alipika, watu wakala pamoja, na zamu ya mwingine ilipofika naye akaendewa. Basi atakayeita watu awalishe, awape viatu vya tope, na akipokea fedha kwa jina lao azisome hadharani, barazani, shilingi kwa shilingi. Nimeona kikundi chenye moyo kikivunjika kwa daftari lililofichwa. Watu hawakuchoka kazi, walichoka kutokuambiwa.

Vilevile tusimhukumu jirani anayekata kuni mikokoni kabla hatujamwonyesha atapikia nini. Gazi walipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate kuni na nguzo bila kuugusa msitu wa baharini. Huo ndio uungwana. Kumfukuza mama na panga lake na kumwacha na jiko baridi ni uonevu, na mti unaolindwa kwa uonevu hukatwa usiku.

Kwa hiyo, vijana wangu, pandeni kidogo. Chagueni kipande mnachoweza kukizunguka chote kabla maji hayajaanza kujaa, na msiongeze kingine mpaka hicho kisimame. Kila bamvua, maji yanapokauka mbali, watu wawili wa zamu washuke: wabandue magamba kwenye mashina, waondoe nyavu, wahesabu iliyokufa na kuandika, na palipo pengo wajaze. Ikifa mahali pale pale mara ya pili, acheni, mkamuulize mzee na mtaalamu, kwa sababu tope linawaambia jambo. Walimu, zamu hizo zifanyeni somo. Maimamu na wachungaji, tangazo la kurudi lipewe nafasi ileile iliyopewa tangazo la kupanda.

Na ninyi viongozi wa kaunti pamoja na wafadhili, mkija mwakani msituulize tumepanda miche mingapi. Ombeni mpelekwe kwenye shamba la mwaka juzi, mlitembee kwa miguu kutoka upande huu hadi ule, na fungu la kwanza la fedha mtakazotenga liende kwa wale mtakaowakuta humo.