Chama sio timu ya mpira



Wiki iliyopita grupu letu la WhatsApp lilikaribia kuvunjika. Chanzo ni voice ya yaya wetu mmoja aliyekuwa volontia pamoja nasi hapa kambini, kisha akasafiri na familia, sasa anaishi Chicago. (Tukisema yaya, Watanzania msicheke, kwetu ni kaka mkubwa.) Voice ya dakika kumi na mbili! Aliongea mambo matatu: siasa za Marekani, bima ya afya na timu yake ya besiboli. Wengine wakamtukana eti ameshanunuliwa na chama, wengine wakamtetea, watu wawili wakatoka kwenye grupu. Sisi tuliobaki tuliisikiliza tena polepole.

Tuanze na besiboli. Hapa kambini kofia za besiboli zimejaa kwenye mitumba. Ile yenye herufi NY karibu kila kijana anayo, na wengi tulidhani ni ya mji tu, kumbe ni ya timu, Yankees. Chicago wana timu mbili, Cubs na White Sox. Yaya ni White Sox kwa sababu jirani yake wa kwanza kule alimpa kofia yao. Sababu ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Sasa sikieni: msimu mmoja una mechi 162, na mwaka 2024 White Sox walifungwa mechi 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu yao iliyofungwa mara nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Nyinyi wa Arsenal mnaolia kila mwaka, nyamazeni kidogo. Papa Leo XIV, ambaye amezaliwa Chicago, naye ni shabiki wao. Mama mmoja wa kanisani aliposikia hivyo alisema ndiyo maana anasali sana.

Yaya hajahama timu, na sisi tunasema yuko sawa. White Sox wakifungwa, anakasirika, anazima televisheni, analala. Hakuna mtu anayekosa dawa.

Kwenye bima ndipo tuliponyamaza. Wengi wetu tunafikiri ukifika Marekani unatibiwa tu. Yaya alipofika, familia iliingizwa Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, iliyoanza mwaka 1965. Alipopata kazi akahamia bima ya kazini. Hiyo wanakukata kwenye mshahara, na ukiugua bado kuna kiasi unalipa kwanza mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Halafu kiwandani wakampunguzia masaa, na bima ikaondoka pamoja na masaa. Yaya ana presha. Anasema kuna miezi alikuwa anameza kidonge leo, kesho anaruka, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Huyo ndiye mtu ambaye sisi huku tunamwita aliyefika.

Basi siasa akaiingiza hapo. Mwaka 2010 Obama alisaini sheria iliyopanua bima kwa mamilioni ya watu. Mwaka 2017 chama cha Republican kikataka kuivunja. Tarehe 28 Julai, usiku, seneta John McCain akaingia ukumbini, akaelekeza dole gumba chini, na mpango ukaanguka kwa kura 51 dhidi ya 49. McCain hakuwa mtu wa Obama. Alikuwa Republican, aligombea urais mwaka 2008 akashindwa na huyohuyo Obama. Na wakati anapiga kura hiyo alikuwa amegunduliwa kansa ya ubongo.

Mwaka 2025, tarehe 4 Julai, Trump akasaini sheria nyingine. Ndani yake kuna kipengele kwamba kuanzia 1 Oktoba 2026 wakimbizi ambao hawajapata kadi ya ukaazi wa kudumu wanaondolewa kwenye Medicaid. Yaya anasema kuna Wakongo wenzetu kule wanaoshangilia tu, hawajui kama jambo hilo limo, wanajua mchungaji kasema chama hiki ni cha Mungu. Nao Democrats hakuwaacha. Anasema wanakumbuka wakimbizi kwenye hotuba, lakini walitawala na yeye bado aligawa vidonge vyake.

Hiyo ndiyo voice iliyotugombanisha. Na sisi je? Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Tunajua familia hapa zilizokuwa kwenye prosesi miaka mingi, zimeshauza kitanda na masufuria, zikarudi kuazima sufuria kwa jirani. Siku hiyohiyo kwenye grupu kuna waliotuma picha za kumshangilia na waliotuma matusi, kama ni fainali. Hatuna kura hata moja kule!

Lakini hapa kambini tuna kura, na tumeipiga hivyohivyo. Uchaguzi uliopita wa zoni tulimchagua mtu kwa sababu ni wa kabila letu na anaimba kwaya yetu. Sisi tunaoandika ndio tuliomfanyia kampeni nyumba kwa nyumba. Miezi michache baadaye mama mmoja alishikwa na uchungu saa nane usiku, mvua inanyesha, gari la wagonjwa halikuja, vijana wakambeba kwenye blanketi. Alijifungua njiani, mtoto alipona kwa neema tu. Tulipomwendea kiongozi wetu, hakujua hata nani anashika simu ya gari. Hakuwahi kuuliza. Nasi hatukuwahi kumuuliza yeye.

Mwenzetu mmoja anapinga. Anasema mkimbizi bila mtu wake hapati kitu, bora kiongozi mbovu wa kwenu kuliko mzuri wa wengine. Hatumcheki, maana kuna siku mtu wa kwenu ndiye anakupitishia karatasi. Ila usiku ule tulikuwa na mtu wetu, na blanketi likabebwa vilevile.

Mwezi ujao zoni yetu inachagua tena. Tumekubaliana kila mgombea, hata mjomba wetu, asimame chini ya mwembe aeleze mgonjwa anafikaje hospitali usiku, na mtu wa presha afanye nini dawa zikiisha kituoni. Wafanyakazi wa afya mnaotusoma, njooni pia siku hiyo, na mje na namba ya simu inayopokelewa. Ile iliyobandikwa kwenye mlango wa kituo tumeipiga jana mara tatu.