Mgonjwa wa akili si mchawi, kasho si hospitali



Mtu anaongea peke yake barabarani, anaokota jiwe, anavunja kioo cha gari. Palepale makelele: "Mwizi! Mchawi!" Tairi na mafuta vinaletwa. Akiponyoka, anatupwa kasho, na hakuna mwenye kuuliza kama alijua alichofanya.

Sisi tunakataa!

Kongo ilikubali Mkataba wa Roma mwaka 2002. Kifungu cha 31 kiko wazi: ambaye ugonjwa wa akili ulimuondolea uwezo wa kujua anavunja sheria, ao wa kujizuia, habebi hatia. Na hiyo ni sheria ya makosa makubwa kuliko yote. Sembuse kioo?

Wengine watasema: "Basi kila muuaji atajiita kichaa." Hapana. Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, waasi waliomwaga damu mpaka kwetu Haut-Uélé, alijitetea vile kule La Haye. Waganga wa akili walisikilizwa, majuji wakakataa, na mwaka 2021 akapewa miaka 25. Ugonjwa unapimwa, hautangazwi kwa mdomo tu.

Katiba yetu, kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea. Mgonjwa atajitetea namna gani bila muganga, bila avoka?

Tunadai: parke iite muganga wa akili mbele ya kufunga mtu. Goma iko na Tulizo Letu, Bukavu iko na SOSAME. Serikali ilipe matunzo.

Na wewe ndugu, ukikuta kundi limemzunguka mtu, usiokote jiwe. Simama katikati.